Risasi Kumi za Ncha Laini

Jumatatu, 24 Novemba

Mbuzi wawili wamekataa kukamuliwa tena. Hawanijui. Miaka minne ya bweni imewafanya wanisahau. Maziwa kikombe kimoja na nusu. Koko, bibi yangu, alichungulia tu ndani ya kibuyu.

Nilikuwa jikoni napuliza moto. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni. Nikasikia "ka!" Mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Kisha Akuyia akaingia na bunduki mkononi. Ndivyo tunavyomwita babu, baba wa Mama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetukanwa hadharani. Alisema fisi alikuwa amesimama chini ya mgunga, pale punda wanapofungwa. Amemwona vizuri, wa kijivu, ameinamisha kichwa. Akalenga, akavuta. Bunduki ikakataa.

Kondoo saba tangu Oktoba. Fisi huyo haogopi mbwa wala moto.

Koko akaingia nyuma yake na kamba ya punda begani, akauliza chai iko wapi.

Ijumaa nilimaliza mtihani wa mwisho. Shule imekwisha. Sijui mimi ni nani sasa. Lakini ukungu ulikuwa mzuri. Kisaju yote ilikuwa imefutwa, barabara, maduka, mnara wa simu. Nilihisi kama nyumba yetu inaelea na hakuna anayetutafuta.

Jumatano, 26 Novemba

Akuyia hakusoma shule. Leo ameniita nimsomee risasi. Zimebaki sita. Kila moja ina herufi na namba ndogo zilizochongwa kwenye kitako. Zinateleza mkononi. Mwaka ule paa lilipovuja Koko alizitia kwenye kibuyu cha mafuta ya kondoo, zisishike kutu. Kwetu kitu cha thamani hupakwa mafuta. Mtoto mchanga, bibi harusi, ngozi ya kulalia. Nilizipanga juu ya shuka zikang'aa kama mbegu za mti ambao sijawahi kuuona.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya wanajeshi, kabla Akuyia hajazaliwa. Ilipochoka na vita ikauzwa. Mwenye ranchi aliyemwajiri akainunua, na alipohama akamwachia Akuyia, kwa cheti cha serikali, ya kulinda mifugo. Kuwinda kumekatazwa tangu Mama hajazaliwa. Lakini katika ujana wake Akuyia alikuwa mfuata nyayo wa wawindaji, na mambo ya risasi anayajua kama mimi ninavyojua jedwali la kuzidisha.

"Hizi ni za vita," aliniambia. "Ya vita inapita ndani ya mnyama kama mgeni asiyesalimia. Mnyama anakimbia na kidonda. Anakufa siku ya nne, na kabla hajafa ameuma watu. Ya kuwinda ina ncha laini. Ikiingia inafunguka, na mnyama analala pale pale."

Anataka za ncha laini. Kumi zinatosha. Kazi ya kuzitafuta amenipa mimi, kwa sababu nimesoma. Mimi! Mjomba Parsaloi alikuwepo na hakupewa.

Wakati wa kuondoka niliinamisha kichwa anishike utosini, kama ilivyo desturi ya kuagana na wazee. Mkono wake ukatua sikioni. Tulicheka wote wawili.

Alhamisi, 27 Novemba

Kitengela, kwa Mama. Ana duka la shuka na shanga karibu na soko. Nimemsaidia kukunja shuka mchana kutwa. Nyekundu, bluu, nyekundu. Nikikunja sana akili yangu huondoka, inaenda kutembea peke yake.

Duka la silaha lenye leseni liko Nairobi. Nilipata namba yao. Nilikaa na simu dakika arobaini. Siwezi kuongea na mtu nisiyemwona. Sauti yangu huwa nyembamba na watu huniambia "Halo? Halo?" mpaka nakata. Mwishowe nikatuma ujumbe, na picha ya kitako cha risasi.

Jibu lilikuja jioni. Mtu mpole. Anasema hizo ni za kijeshi, za zamani sana, tusizipige tena. Nikamweleza kuhusu kibuyu. Akajibu: "Mafuta ya kondoo? Hiyo sijawahi sikia tangu nianze kazi hii! Mafuta yameingia kwa fataki, ile kitu ndogo ya kuwasha baruti. Imelala. Haiamki hiyo." Za ncha laini za bunduki kama yetu ni shida kupatikana, lakini ataulizia.

Nilisoma ujumbe huo mara tano. Mtu mzima ameongea nami kama mtu mzima.

Jumamosi, 29 Novemba

Kisaju. Mjomba Parsaloi amekuja na risasi nne ndani ya soksi. Kazipata kwa rafiki yake, polisi wa akiba. Alizimwaga mezani kama mtu aliyeleta nyama.

Akuyia hakuzitazama. Alizishika tu, moja moja, akapitisha kidole gumba shingoni mwa risasi. "Hii ni fupi. Si ya bunduki hii."

"Lakini baba, zinakaribiana!"

"Bunduki si mbuzi, Parsaloi. Hailishwi chochote inachokuta njiani. Na hizi ni za serikali. Zirudishe kabla hujalala."

Mjomba alizirudisha soksini. "Basi ngoja huyu profesa wako akuletee za posta," akasema, akanivuta kitambaa cha kichwa. Sikuudhika. Nilijivunia Akuyia. Amezijua kwa kidole.

Jumapili, 30 Novemba

Kanisani. Mahubiri marefu, mvua juu ya mabati. Sikusikia neno hata moja. Niliota nikiwa macho kwamba nimepanda mbegu zile sita nyuma ya zizi na zimeota miti myembamba, na juu ya kila mti kuna ndege mmoja, kimya. Koko alinikanyaga mguu nisimame kwa wimbo.

Fisi alichukua mwanakondoo alfajiri. Wa nane.

Jumanne, 2 Desemba

ZIMEPATIKANA. Mtu wa duka ameandika. Kuna mteja amerudisha boksi halijafunguliwa. Ncha laini, za kuwinda, za bunduki yetu hasa. Anatuwekea kumi. Lakini lazima kwanza twende polisi Kajiado. Cheti kinaisha mwisho wa mwezi. Kihuishwe, namba ya bunduki ikaguliwe, fomu ijazwe. Bila hiyo hauzi hata moja.

Nilikimbia kutoka barabarani hadi nyumbani, kilomita mbili, nyasi ndefu zote zimelowa. Akuyia alikuwa ameketi kwenye kigoda chake jua likimpiga usoni. Nilimwambia. Aliimba! Kipande tu, wimbo wa zamani, kwa sauti ya chini kooni. Kisha akasema nimefanya kazi ya wanaume watatu.

Leo nimejisikia mtu. Nyanda zote zilikuwa kijani na mawingu yalikuwa yanapita chini sana, ungeweza kuyashika. Nyumbu walikuwa wamesimama kivulini mwa wingu, wingu likaondoka, wakabaki wamesimama juani kana kwamba hawajagundua.

Alhamisi, 4 Desemba

Nitaandika polepole.

Nilikuwa na Koko tunasafisha vibuyu kwa kijinga cha moto cha mzaituni. Moshi mtamu, harufu ninayoipenda kuliko zote. Nilikuwa namsimulia kuhusu risasi. Kwamba Jumanne tunaenda Kajiado, kwamba sasa fisi akisimama tena chini ya mgunga amekwisha.

Koko akasema, bila kuacha kusugua: "Chini ya mgunga hakukuwa na fisi."

Nikamwambia Akuyia alimwona.

"Fisi akisimama pale, punda watatu wanyamaze? Punda?" Akageuza kibuyu, akagonga jivu. "Nilikuwa mimi. Fundo lilikuwa limekataa kufunguka, nikainama. Nilikuwa nimejifunika blanketi. Nikasikia ka."

Blanketi yake ni ya kijivu.

Nilimuuliza kama Akuyia anajua. Akasema hapana. Nilimuuliza kwa nini hajasema. Akanitazama kama mtu anayepima kama maziwa yameganda. "Mke hatangazi macho ya mume wake. Nawe usitangaze." Akachukua kibuyu kingine.

Mafuta ya kondoo. Ni hayo tu. Hakuna kingine kilichomwacha hai. Na mimi nimezunguka wiki nzima nikitafuta risasi nzuri, zisizokataa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nilitaka kuhakikisha. Labda ilikuwa ukungu tu. Nilikaa na Akuyia nje saa nne asubuhi, jua kali, hewa safi. Nikamuuliza anaona nini upande wa barabara.

"Twiga," akasema. "Amekuja peke yake. Dume."

Ni mnara wa simu.

Kikombe nilimwekea kulia, akakitafuta kushoto. Mbona sikuona haya yote? Mkono sikioni. Risasi alizijua kwa kidole na mimi nikasifu kidole.

Nimempigia Mama. Nikamwambia lile la macho, la mgunga nikashindwa. Wateja walikuwa wanasikika. Akasema, "Naisula, hayo ni mambo ya watu wazima. Babu yako bila ile bunduki ni nani? Ongea na mjomba wako." Nikaongea na mjomba. Akacheka. "Mzee anaona ng'ombe aliyepotea maili kumi." Ndiyo, kwa sababu anasikia kengele.

Nina hasira. Si kwa mtu fulani. Ninaogopa pia.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeiba cheti. Kilikuwa kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Akuyia. Nilikificha kwenye gunia la unga. Nilifikiri, bila cheti hakuna safari, bila safari hakuna risasi, na hakuna atakayelazimika kusema neno.

Mchana alipiga magoti na kulitafuta sanduku kwa mikono, akatoa kila kitu sakafuni, akakipapasa kimoja kimoja. Picha ya harusi ya Mama. Ufunguo wa kufuli lililopotea. Hakuniita nimsaidie. Hakumwita mtu.

Nilikirudisha alipotoka kwenda zizini. Nilikipangusa unga kwa gauni langu. Mimi ni mwoga na mwizi. Nililala mchana nikaota niko chini ya maji safi, watu wanaongea juu, na mimi nafungua mdomo, mapovu yanapanda moja moja mazuri ya duara, na hakuna lililo na neno ndani yake.

Jumanne, 9 Desemba

Kajiado.

Mjomba alitupeleka kwa pikapu akatuacha mlangoni, akaenda kwenye soko la mifugo. Akuyia alivaa koti lake la kanisani. Bunduki ilikuwa imefungwa kwenye shuka, tupu. Aliibeba mikononi kama mtoto aliyelala.

Afisa alikuwa mwanamke, mnene, mcheshi. Akaisimamisha kando yake. "Mzee, hii kitu ni ndefu kuliko mimi!"

"Na inakula kidogo kuliko wewe," akajibu Akuyia. Watu wote pale walicheka hadi mahabusu mmoja kwenye benchi. Kila mtu alimpenda papo hapo. Niliona jambo hilo nikatamani kufa.

Afisa alisoma namba kwenye chuma, akalinganisha na cheti. Sawa. Kisha akanipa fomu na kalamu. "Msichana, jaza na mzee wako. Kila swali umsomee. Akimaliza aweke kidole hapa chini."

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Nilimtafsiria kwa Kimaa, sauti ya chini. Jina. Mahali. Mifugo mingapi. Alijibu haraka, kifua mbele. Bunduki imewahi kupotea? Kamwe. Umewahi kushtakiwa? Kamwe. Kisha swali la tisa. Mwenye silaha ana ugonjwa wowote wa akili, wa masikio au wa macho?

"Andika hapana," akasema.

Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye meza. Kamba fupi. Nakumbuka kamba hiyo vizuri sana.

Niliona njia mbili. Niandike hapana, kama alivyosema. Au niandike ndiyo, nisimwambie. Asingejua. Angeweka kidole akitabasamu, bunduki ichukuliwe, na angelaumu serikali maisha yake yote. Ile ya pili ilikuwa rahisi. Iliniita. Mkono ulikuwa tayari umeandika. Yes. Herufi tatu.

Kisha nikawaza mikono yake ikipapasa sakafu.

Nikasema, "Akuyia, nimeandika ndiyo."

Hakusikia, au alisikia. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Kila mtu akageuka. Shingo yangu iliwaka moto. Nikasema, kwa Kimaa, mambo yote, bila kupumua. Yule chini ya mgunga alikuwa Koko. Punda walinyamaza. Yule twiga ni mnara. Nikasema risasi hizi ni nzuri, nimezitafuta mwenyewe, hazitakataa. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Nilikuwa nalia, na pua inatiririka, na sikujipangusa.

Afisa alikuwa anatuangalia. Sijui kama anajua Kimaa. Hakuuliza.

Nyuma yetu mtu alikohoa. Nje ng'ombe walikuwa wanapitishwa kwenda sokoni, wengi, vumbi linaingia dirishani na jua ndani yake. Akuyia alikuwa amegeuzia uso upande ule. Midomo yake ilitembea kidogo. Nadhani alikuwa anawahesabu kwa kwato.

Kisha akasema neno moja. "Koko?"

Nikasema ndiyo.

Alinyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, kidole gumba juu. "Wapi?"

Nilikishika. Nikakibonyeza kwenye wino. Kilikuwa kizito, kigumu kama pembe. Nikakipeleka kwenye mstari, nikakiweka.

Afisa alisoma swali la tisa, akavua kofia. Akasema kwa Kiswahili cha pole kwamba silaha itabaki hapo, itaandikwa jina lake, na kwamba atapeleka habari ya fisi kwa watu wa wanyamapori yeye mwenyewe. Akuyia aliikunja ile shuka tupu, mara nne, akaiweka kwapani.

Njia nzima mjomba aliendelea kuuliza, "Kwani iko wapi? Baba, iko wapi?"

Alhamisi, 11 Desemba

Akuyia haongei nami. Nikimpa chai anaipokea. Nikiinamisha kichwa anapita.

Leo asubuhi nilimwona amesimama chini ya mgunga, mkono kwenye gome, pale kamba za punda zimelikwaruza. Koko alienda akasimama naye. Walikaa hivyo hadi ukungu ukaondoka. Sikupaswa kuona.

Mtu wa duka ameuliza kama tunakuja. Nimemwandikia hapana, asante, mzee amestaafu. Akajibu, "Mpe salamu zangu yule wa mafuta ya kondoo." Sikumpa.

Koko hajanikemea. Amenipa tu kazi zote za kuchota maji.

Jumatatu, 15 Desemba

Mama amefunga duka akaja. Amempeleka Akuyia kliniki ya macho Kitengela. Si mtoto wa jicho, ambaye hutolewa. Ni presha ya macho. Nuru iliyokwenda imekwenda. Kuna matone ya kulinda iliyobaki, moja kila jicho, asubuhi na jioni, maisha yote. Mama alinieleza haya akiwa amenipa mgongo. Kisha akasema, "Ulinipigia na mimi nikakuambia ongea na mjomba wako." Hakumaliza. Alinisuka nywele jioni, jambo ambalo hajafanya tangu niingie kidato cha kwanza.

Watu wa wanyamapori walikuja na taa ndogo za kumetameta za kutundika kwenye ua, za kutisha fisi. Mjomba amezungushia waya na miiba mipya. Alifanya kazi siku tatu bila utani.

Matone anawekewa na Koko. Mimi nikikaribia anafumba macho.

Jumamosi, 20 Desemba

Siku tano hakuna kondoo aliyekufa. Taa zinamulika jioni, nyekundu hapa, nyekundu kule, kama nyota zilizoshuka kunywa maji. Nilizitazama sana kutoka mlangoni.

Ninamkosa. Ameketi hatua kumi kutoka hapa na ninamkosa. Ningefanya vile vile tena. Yote mawili ni kweli na hayapatani.

Jumamosi, 27 Desemba

Koko alikwenda kwa jirani aliyejifungua, na matone yalikuwa yamebaki mezani. Nilisimama na kichupa mkononi. Akuyia akaegemeza kichwa nyuma, akafungua macho. Moja. Moja. Yalitelemka kidogo shavuni. Sikuyapangusa, akayapangusa mwenyewe.

Nikageuka kuondoka.

"Mvua iko wapi?" akauliza.

Mjomba alikuwa amesimama langoni na ng'ombe, anangoja kuambiwa awapeleke upande gani. Nilitazama. Nikasema iko upande wa Isinya, ukuta wa kijivu, juu mweusi.

"Umesimama au unatembea?"

Nikatazama tena, kwa muda mrefu. Nikasema unatembea. Unakuja na bonde, lakini mkia wake umekatika, na nyuma yake kuna jua.

Akampigia mjomba kelele awapeleke ng'ombe juu, si bondeni. Mjomba akawageuza. Kengele zikaanza kupanda.

Nilileta chai, nikaiweka mkono ule anaoutumia. Nikakaa chini, si karibu sana.

"Na chini ya ule ukuta," akasema, "kuna nini?"

Nikamwambia kuna pundamilia, hawazidi ishirini, wamegeuzia mvua migongo. Kuna barabara inayong'aa. Kuna mwanamke mwenye mwavuli wa njano anatembea peke yake na hajui kwamba mvua iko nyuma yake. Nilidhani yametosha.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea, hadi chai ikapoa.